Ngoma Isikikayo Isionekane: Mila za Tana ya Chini Mbele ya Mgeni

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wanafasihi wengi wamewaachia wachumi na maofisa wa utalii, yaani hali ya mila za jamii zinapofanywa kivutio cha wageni. Tumelichagua eneo la Tana ya Chini, kuanzia Garsen hadi mlango wa mto kule Kipini, kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hilo lina hazina kubwa ya fasihi-simulizi ya jamii mbalimbali: Wapokomo walimao kandokando ya mto, Waorma na Wawardei wafugao, Wasanye na Wadahalo ambao zamani waliishi kwa kuwinda, na Waswahili wa pwani. Pili, utalii wa pwani ya Kenya umelizunguka eneo hilo pande zote mbili bila ya kutua. Kusini kuna Malindi na Watamu. Kaskazini kuna Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Garsen ni njia panda. Barabara itokayo Malindi hugawanyika hapo, moja ikaelekea Witu na Lamu na nyingine ikaelekea Hola na Garissa. Msafiri hunywa chai, hununua maembe, akaenda zake.

Siku hizi husemwa kwamba Tana nayo itumie mila zake ili msafiri huyo asite. Hatuna ugomvi na shabaha hiyo, kwani nchi ambayo hufurikiwa na mto mwaka mmoja na kukaushwa na jua mwaka mwingine haiwezi kudharau njia yoyote ya riziki. Swali letu ni la kihakiki. Kazi ya fasihi-simulizi inapoletwa mbele ya mgeni, ni kitu gani hasa kinacholetwa, na ni kitu gani kinachobaki nyuma?

Tumezoea kufundisha kwamba fasihi-simulizi ina fanani, hadhira, mahali na tukio. Maoni yetu ni kwamba kuna sehemu ya tano ambayo hatujaitilia mkazo wa kutosha, nayo ni haki ya kunyamaza. Wimbo una wakati wake wa kuimbwa kwa sababu una nyakati ambazo hauimbwi, na ngoma ina wenyewe kwa sababu wapo wawezao kusema, "Leo haipigwi." Tunashikilia kwamba utalii haui mila kwa kuitazama. Huiua pale unapowanyang'anya wenye mila uwezo wa kukataa. Tutalithibitisha dai hilo kwa mifano mitatu ya Tana yenyewe, tukiipima pamoja na mifano michache ya majirani.

Mngurumo wa Ngadzi

Mfano wa kwanza ni Ngadzi, ngoma takatifu ya Wapokomo. Maofisa wa utawala wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika mikono ya British Museum jijini London, ambako imewekwa ghalani. Mwaka 2016 mmoja wa wazao wa watawala wa jadi wa Wapokomo alifika huko akaoneshwa ngoma ya wazee wake.

Mhakiki hana budi kuiuliza Ngadzi maswali yale yale aiulizayo kazi yoyote ya sanaa: fanani wake ni nani, na hadhira yake ni nani? Ngadzi ilikuwa mali ya chama cha wazee walioingizwa katika siri zake, na asiyeingizwa hakuruhusiwa kuiona. Mngurumo wake, hata hivyo, ulisikika mbali, na watu wa vijiji vizima wakajua kwamba wameitwa. Hapa tuna sanaa ambayo hadhira yake ilikuwa ya masikio peke yake. Kutoonekana kwa ngoma hakukuwa upungufu wa onyesho. Kulikuwa sehemu ya fani. Sauti isiyo na umbo huwa ni ya jamii nzima, hali umbo likionekana huwa ni gogo na ngozi, kazi ya mikono ya fulani.

Sasa tutazame hali ya leo. Huko London, Ngadzi imefichwa pia. Huenda mtu akasema kwamba basi desturi imehifadhiwa, kwa kuwa ngoma isiyopaswa kuonekana haionekani. La hasha. Ficho la kwanza liliamuliwa na wenye ngoma ili ngoma isikike. Ficho la pili liliamuliwa na mwingine, likawaondolea wenye ngoma kuona na kusikia kwa pamoja. Kutoka Garsen kwenda London kitu kimoja tu kilichobadilika, nacho ni kauli. Na kauli hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wa Ngadzi.

Madai ya kuirejesha Ngadzi ni ya haki, nasi tunayaunga mkono. Lakini swali gumu linaanzia siku itakapofika. Je, itawekwa katika sanduku la kioo, iwekewe taa na kibao cha maelezo, na watalii walipe kiingilio? Au itarudishwa mafichoni? Likichaguliwa sanduku la kioo kwa sababu tu ndilo lenye mapato, basi tutakuwa tumeirudisha ngoma na kuiacha kauli London. Tena, zaidi ya miaka 120 imepita. Kijana wa Garsen wa leo hajapata kuiona Ngadzi wala kuisikia, na wapigaji wake wa mwisho wamekwisha zikwa. Pengine wazee wenyewe wataona kwamba kuionesha ndiyo njia pekee ya kumfanya kijana huyo aijue. Wakiamua hivyo baada ya kushauriana, mhakiki hana la kuongeza. Tunachokataa ni uamuzi huo kupitishwa katika ofisi ya mipango, kana kwamba ngoma haikupata kuwa na mwenyewe.

Hapa yafaa tujihadhari na neno "wenyewe". Jamii si mtu mmoja. Ngadzi ilikuwa ya wanaume walioingizwa. Wanawake na vijana walikuwa wa kusikia na kutii. Haki ya kunyamaza yaweza kugeuzwa kuwa haki ya wachache kuwanyamazisha wengi. Kwa hiyo tutakaposema kwamba wenye mila wasikilizwe, tusidhani kwamba tumemaliza kazi kwa kuketi na wazee watatu chini ya mwembe.

Wimbo wa kulaza na wimbo wa kusimamisha

Mfano wa pili ni wa wanawake. Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, iliundwa tume ndogo ya wanamuziki ili itayarishe wimbo wa taifa. Wajumbe wake walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tuni waliyoichagua ilitokana na wimbo wa Kipokomo ambao mama humwimbia mtoto wake alale. Wimbo huo wa taifa ulitumika tangu Desemba 1963, wenye maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Hakuna mila ya Tana iliyosafiri mbali kuliko hiyo. Kila mgeni aliyehudhuria sherehe ya taifa, na kila mtazamaji aliyemwona mkimbiaji wa Kenya akivishwa nishani, amesikia sauti ya nyumba ya Kipokomo. Hata hivyo ni wachache mno wanaojua kwamba wameisikia. Tuni ilichukuliwa, maneno yaliachwa ufukoni.

Tusiseme kwa haraka kwamba huo ni wizi. Tuni iliingia mahali pa heshima, na iliingia kwa nia ya kulifanya taifa jipya liimbe kwa sauti yake badala ya kuazima ya mtawala. Wapokomo wengi huona fahari, na fahari yao ni halali. Lakini mhakiki anapaswa kupima mageuzi ya fani. Wimbo wa bembelezi ni kazi ya ajabu: una fanani mmoja na hadhira ya mtu mmoja, na dalili ya kufaulu kwake ni hadhira kulala. Fanani huimba kwa sauti ya chini, na kadiri anavyofaulu ndivyo anavyokaribia kunyamaza. Wimbo wa taifa ni kinyume chake kabisa. Wimbo uliotungwa ili msikilizaji alale sasa huimbwa ili wasikilizaji wasimame. Ule ulinyamaza mtoto alipolala. Huu hauna budi kuimbwa wakati ratiba inapoamuru.

Hata hivyo bembelezi halikufa, na sababu yake yastahili kuangaliwa. Kuchukuliwa kwa tuni hakukumnyang'anya mama uwezo wake. Hakuna sheria iliyomlazimu kumwimbia mtoto wake mbele ya mgeni, wala iliyomkataza kuimba ndani ya nyumba. Tukiulinganisha wimbo huu na Ngadzi, tunaona kwamba mila yaweza kuvumilia kuigwa, kunakiliwa na hata kusahauliwa jina lake, almuradi ile ya asili ibaki na wakati wake mikononi mwa wenyewe. Hatari inayoukabili sasa haitoki kwa mtalii. Inatoka katika lugha. Mtoto asipobembelezwa tena kwa Kipokomo, tuni itabaki duniani kote isipokuwa pale ilipozaliwa.

Jukwaa, soko na msitu

Kabla ya kufika kwenye mfano wa tatu, na tutazame wanavyofanya majirani, kwani Tana haitakuwa ya kwanza kulipita daraja hili.

Njia ya kwanza ni ya jukwaa. Bomas of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1971 nje kidogo ya Nairobi, kina kikundi cha wachezaji wa kuajiriwa wachezao ngoma za jamii nyingi za nchi. Taasisi hiyo imewapa vijana ajira, na imezihifadhi hatua na mapigo ambayo pengine yangepotea. Lakini tuelewe ni kitu gani kilichohifadhiwa. Ngoma ya mavuno huchezwa pasipo mavuno, na ya harusi pasipo bibi-harusi. Hilo ni jambo halali katika sanaa, kama vile mauaji ya tamthilia hayahitaji maiti. Kosa huja pale jamii yenyewe inapoanza kuipima ngoma yake kwa kipimo cha jukwaa, ikaifupisha ngoma ya usiku kucha iwe ya dakika kumi hata kijijini, na kumwona bibi ajuaye beti zote kuwa ni mwenye kupoteza wakati.

Njia ya pili ni ya soko, nayo ndiyo mbaya. Vigango vya Wagiriama, ambavyo ni nguzo za ukumbusho wa wafu, viliibwa makaburini kwa miaka mingi vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili kati yake vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kenya. Aliyenunua kigango alivutwa na utakatifu wake, na kwa kukinunua akauondoa. Kigango hakipaswi kuhamishwa hata kaya inapohama. Hapa mwenye mila hakuulizwa lolote: si wakati, si mahali, si bei.

Njia ya tatu ni ya msitu. Huko Kwale, wazee wa Kaya Kinondo wamewaruhusu wageni kuingia katika sehemu ya msitu wao mtakatifu kwa masharti. Mgeni hujifunga nguo nyeusi, huongozwa na mwenyeji, hachukui kitu, na zipo sehemu asizofika. Jambo la kuzingatia ni kwamba masharti hayo hayakumfukuza mgeni. Ndiyo yanayomvuta. Anapoambiwa, "Kule hakwendwi," hutambua kwamba amefika mahali penye watu na si mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Utamaduni wenye mlango una thamani kuliko utamaduni ulio uwanja mtupu.

Liyongo ni wa nani?

Mfano wa tatu ni Fumo Liyongo. Kumbukumbu zake zimefungamana na Shaka, Ozi na Kipini, na kaburi lake husemwa liko upande huo wa mlango wa Tana. Mtu akitaka kuvuta wageni wenye kupenda mambo ya kale, basi shujaa huyu, pamoja na magofu ya Ungwana yaliyo jirani, ndiye atakayetangazwa kwanza. Na hapo ndipo swali litakapozuka: atangazwe kuwa ni wa nani?

Jibu la haraka ni kwamba ni Mswahili, mshairi na bingwa wa upinde. Lakini tuusome tena utendi alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Wagala, ambao miongoni mwa wazao wao ni Waorma wa leo, wanamwoza Liyongo binti yao ili wapate mbegu ya ushujaa. Wasanye na Wadahalo ndio wanaotumwa kumwua, nao wanapanga kikoa cha kukwea mikoma ili wamfume akiwa juu. Naye anayaangusha makoma kwa mishale pasipo kukwea. Mtoto anayemchoma kwa sindano ya shaba ni wake mwenyewe, na ni wa mama yule yule wa Kigala. Kwa upande mwingine, masimulizi ya Wapokomo humkumbuka Liyongo kama mtawala aliyewatoza ushuru mzito. Shujaa wa mji mmoja ni mdai wa kijiji kingine.

Kwa hiyo utendi huu ni ramani ya Tana ya Chini: jamii zote zimo, na hakuna iliyomo kwa usafi. Zinaoana, zinasalitiana, zinatozana, zinashiriki chakula. Mwongozaji wa watalii atakayesema "shujaa wa Waswahili" na kunyamaza atakuwa amekata vipande vitatu vya kisa ili kimoja kipendeze.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Kati ya Agosti 2012 na mapema mwaka 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Nyuma yake palikuwa na ugomvi wa ardhi na wa malka, yaani njia za mifugo kufikia maji, na siasa za uchaguzi zikauchochea. Katika nchi ya namna hiyo, mila ikishakuwa na mapato hugeuka kuwa hati ya shamba. Atakayelimiliki kaburi ataidai njia iendayo kaburini, na atakayeidai njia ataidai mbuga iliyo kando yake. Tamasha likiwapandisha Wapokomo na Waorma jukwaani zamu kwa zamu, kila mmoja kwa vazi lake, litawafurahisha wageni. Lakini iwapo baraza la wazee wa Kipokomo, Gasa, na lile la Kiorma, Matadeda, hawajakaa pamoja juu ya malka, basi jukwaa hilo litakuwa linaonesha amani ambayo haijapatikana. Kisa cha Liyongo kingefaa kuliko jukwaa la namna hiyo, endapo kitasimuliwa kwa pande zake zote, hata zile zinazouma.

Mtafiti naye ni mgeni

Tumemsema mtalii, haitakuwa haki tusijiseme wenyewe. Kabla hajafika mtalii, walifika wamisionari, na baada yao wataalamu wa lugha. Tana imewapa wanaisimu mengi: Kipokomo na Kielwana, ambavyo pamoja na Kiswahili, Kimijikenda na Kikomoro viko katika kundi la Kisabaki, na ambavyo bila hivyo historia ya Kiswahili isingeandikika; na Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye sauti za kidoko ambayo wasemaji wake sasa ni wachache mno. Tuliingia vijijini na vinasa-sauti, tukaomba hadithi ya usiku isimuliwe mchana na bembelezi liimbwe pasipo mtoto, kisha tukaondoka na kanda. Sisi pia tulifanya onyesho, ila tuliliita data. Mara ngapi katika maandishi yetu tumeandika kwamba fanani alikataa, na kwa nini alikataa? Kukataa huko kulikuwa sehemu ya maana, nasi tukakuhesabu kuwa ni upungufu wa safari.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Hiyo ni hatua njema. Lakini malipo peke yake hayatoshi, kwani anayelipwa kila akiimba atajifunza kuimba kila akilipwa. Kinachopaswa kulindwa pamoja na ujira ni wakati: kwamba zipo siku ambazo hata mgeni mwenye fedha ataambiwa arudi kesho, na ipo lugha ambayo wimbo utaimbwa kwayo hata kama mgeni haifahamu.

Kwa ufupi, tunapendekeza kwamba kila mpango wa kuzifanya mila za Tana kivutio upimwe kwa swali moja kabla ya mengine: je, mwenye mila aweza kusema hapana, na mpango ukaendelea kuwepo kesho yake? Kaya Kinondo imejibu kwamba yawezekana. Kigango kilichouzwa hakikuulizwa. Ngadzi bado yangoja kuulizwa. Na iwapo siku moja mgeni atasimama Garsen akauliza iko wapi ngoma aliyosikia sifa zake, na mwenyeji akamjibu kwamba ipo, ila haionwi, basi huenda mgeni huyo akawa wa kwanza, tangu mwaka 1902, kuambiwa habari za Ngadzi kama wenyewe wanavyotaka zisemwe.